Hemofilia: Damu Ipimwe Kabla ya Kisu

Kila baada ya miaka miwili, Agosti ikifika, Wabukusu wa Bungoma na wa huku Saboti hutahiri vijana wao, na hapo ndipo hemofilia iliyojificha hujitokeza. Kidonda kinavuja siku baada ya siku, analaumiwa mtahiri au anatafutwa mchawi. Kisa chenyewe ni upungufu wa protini ya kugandisha damu. Katika hemofilia A, inayompata takriban mvulana 1 kati ya 5,000, protini inayopungua ni fakta VIII. Ugonjwa hurithiwa kwa mama, lakini thuluthi moja hivi ya wagonjwa hawana ndugu aliyewahi kuugua, kwa hiyo kusema "kwetu haupo" hakumkingi mtoto.

Tangu 1992 ipo fakta VIII inayotengenezwa maabara, badala ya kuchujwa kwenye damu ya watu. Hata hivyo huisha mwilini upesi, hivyo mgonjwa hudungwa kwenye mshipa mara mbili au tatu kwa wiki, na karibu 3 kati ya 10 wenye hemofilia A kali, miili yao huikataa. Emisizumabu (kisanduku chake kimeandikwa Hemlibra), iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ni protini ya aina nyingine: kingamwili inayoshika fakta IX upande mmoja na fakta X upande wa pili, ikazikutanisha kama ambavyo fakta VIII ingefanya. Kwa kuwa haifanani na fakta VIII, mwili ulioikataa ile hauipigi vita hii. Hudungwa chini ya ngozi, mara moja kwa wiki au hata mara moja kwa wiki nne. Kwa familia inayotoka Saboti hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, kufuata matibabu, nafuu hiyo ni kubwa kuliko kwa mkazi wa jiji lolote la Ulaya.

Wapo watakaosema hii ni dawa ya matajiri. Bei yake ni ya kutisha kweli. Nchi kama yetu huitegemea misaada ya Shirikisho la Dunia la Hemofilia, na msaada huweza kukatika. Lakini msaada huo hupewa waliothibitishwa kuugua. Asiyepimwa hayumo hata kwenye hesabu ya wanaoombewa. Wengine wataona kupima ni kuingilia mila. Kipimo hakimnyimi kijana tohara: kinamhamishia hospitalini, fakta ikiwa tayari. Fakta huenda ikahitajika hata kwa anayetumia emisizumabu, kwani dawa hii hukinga tu, haizuii damu iliyokwisha kuanza kutoka. Wala haitibu hemofilia B, aina nyingine ya ugonjwa huu. Tena hufanya majibu ya kipimo cha kuganda yaonekane mazuri kuliko damu yenyewe ilivyo, hivyo maabara lazima iambiwe. Mvulana anayevimba magoti bila kuumia, au ambaye mjomba wake alivuja sana jandoni, apimwe miezi kadhaa kabla ya Agosti.