Jaji Aliyesomeshwa kwa Michango

Ndugu msomaji, wanafunzi hawachoki kutuuliza: je, mwanamke anaweza kuwa kadhi au jaji? Maimamu wetu walilijadili zamani. Malik, Shafi'i na Ahmad hawakuruhusu. Abu Hanifa aliruhusu katika mashauri ambayo ushahidi wake hukubaliwa, yaani yasiyo ya hudud na kisasi. Ibn Jarir at-Tabari amenukuliwa akiruhusu katika mashauri yote. Allah (SW) awarehemu wote.

Leo hatutoi fatwa. Tutazame jambo lililotokea hapa nchini, Arusha, ilikokuwa Mahakama ya Kimataifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Mwaka 1997 ilianza kusikilizwa kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Jopo lilikuwa la majaji watatu, na mwanamke alikuwa mmoja tu: Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Hati ya mashtaka haikutaja ubakaji hata kidogo. Kisha mama mmoja, akitoa ushahidi, akaeleza kuwa binti yake wa miaka sita alibakwa. Majaji hawakulipita neno lile. Walihoji zaidi. Mashahidi wengine wakasema yaliyowafika, na Juni 1997 mashtaka yakarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu alitiwa hatiani, na kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikatamka kuwa ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

Hukumu ile ilikuwa ya jopo zima, wanaume wawili na mwanamke mmoja. Lakini tujiulize, huyu mwanamke alifikaje pale?

Alizaliwa Durban mwaka 1941, binti wa dereva wa basi, chini ya utawala wa ubaguzi. Wahindi wa mtaani kwao walichangishana akasoma sheria. Mwaka 1967 akawa mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufungua ofisi ya uwakili Natal. Baada ya kuwa Rais wa mahakama ile ya Arusha, alikuwa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuanzia 2003 hadi 2008.

Hapa ndipo penye somo letu. Sisi wa Morogoro ni mafundi wa kuchangishana. Kadi ya harusi ikipita, wiki mbili ukumbi umelipiwa. Lakini binti wa Kinole au Mkuyuni akichaguliwa kuendelea na masomo, baba yake huzunguka peke yake kutafuta nauli na godoro, na akikosa, binti hupelekwa mjini kufanya kazi za ndani. Na hii ni Uluguru, ambako ukoo na shamba hufuata upande wa mama!

Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inatuamrisha tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu. Basi tuanzie hapo: msikiti ulio na daftari la michango ya harusi ufungue na la masomo ya mabinti.

Wabillahi tawfiq.