Pweza wa Nusu Kilo

Somo hili linamhusu mlaji anayenunua pweza katika soko la samaki la Kilwa Kivinje, na vilevile yule anayeagiza kikombe cha supu ya pweza jioni kando ya barabara bila kumwona pweza mwenyewe akiwa mzima. Wote wawili wanaguswa na sheria, na wote wawili, kwa kujua au kutojua, ni washiriki wa kazi ya uhifadhi inayofanywa na vikundi vya wavuvi wa pwani hiyo.

Tuanze na kiwango. Kanuni za Uvuvi za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, ziliweka gramu 500 kuwa uzito wa chini kabisa wa pweza anayeruhusiwa kuvuliwa na kuuzwa. Walaji wengi huudhani uzito huu kuwa jambo la ubora wa chakula, na kwa kuwa pweza mdogo ni mlaini na hahitaji kupondwa sana kabla ya kupikwa, huona sheria imewanyima kilicho bora. Lakini sheria haikuandikwa kwa ajili ya meno yetu. Iliandikwa kwa sababu ya namna pweza anavyoishi na kufa.

Pweza wa miamba yetu, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja na miezi michache tu. Jike hutaga katika msimu mmoja wa maisha yake. Hujifungia shimoni, akayaning'iniza mayai yake maelfu kwa maelfu, akayalinda na kuyapulizia maji safi bila kwenda kuwinda. Yakishaanguliwa, naye hufa. Hana mwaka wa pili wa kufidia. Anayevuliwa kabla ya kutaga hakuacha kitu. Kwa upande mwingine, kiumbe huyu hukua kwa kasi ya kushangaza: akiwa mdogo anaweza kuongeza uzito wake maradufu kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Pweza wa gramu 400 aliyeachwa leo, akisalimika na mikunga na maadui wengine, anaweza kuvuka kilo moja na nusu kabla ya miezi mitatu kwisha. Mlaji aliyemnunua akiwa na gramu 400 amelipia robo ya chakula ambacho bahari ilikuwa tayari kumpa.

Hesabu hiyo ndiyo iliyo nyuma ya kazi ya kufunga miamba. Sheria ya Uvuvi inavitambua vikundi vya wavuvi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo pwani nzima huviita BMU. Katika Wilaya ya Kilwa, wanakijiji wa Songosongo, kisiwa ambacho Watanzania wengi wanakijua kwa gesi inayokwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2004, wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, kwa msaada wa Shirika la WWF. Wazo hilo lilikwisha kujaribiwa ng'ambo ya Mlango wa Msumbiji: mwaka 2004 wavuvi wa kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga eneo la mwamba kwa miezi 7, na vijiji vingine vikafuata.

Mwamba haufungwi wote. Kikundi huchagua sehemu, hukubaliana katika mkutano wa kijiji, huweka alama na zamu za ulinzi, na sehemu nyingine hubaki wazi. Hata hivyo gharama ipo, na haigawanyiki sawa. Mwenye ngalawa huweza kwenda mbali zaidi. Mwanamke anayetembea kwa miguu juu ya mwamba wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa, akiwa na kijiti chenye ncha na kikapu, hana pa kwenda zaidi ya mwamba ulio karibu na nyumba yake. Ukifungwa huo, yeye ndiye wa kwanza kukosa fedha ya unga. Kwa hiyo hutuudhi kusikia uhifadhi ukisimuliwa kana kwamba hauna anayeulipia.

Malipo yake huja siku ya kufungua, nayo ni siku ya hatari. Habari huenea, vyombo hutoka vijiji vya mbali, wanunuzi husubiri mchangani, na mwamba uliolindwa kwa miezi unaweza kumalizwa katika bamvua moja. Kwa maoni yetu, siku hiyo inahitaji ulinzi kuliko siku zote zilizoitangulia, na mnunuzi anayepokea kila kitu kinachoshushwa huivunja kazi ya kikundi kwa haraka kuliko mwizi wa usiku.

Siku hiyo hiyo ndipo utafiti hufanyika. Panahitajika mzani na daftari: watu wangapi wameingia mwambani, kwa saa ngapi, kila pweza ana uzito gani, ni dume au jike. (Dume hutambuliwa kwa mkono wa tatu wa kulia, ambao ncha yake haina vinyonyeo.) Uzito peke yake hudanganya. Kilo 300 zilizovuliwa na watu 30 na kilo 300 zilizovuliwa na watu 100 si habari moja. Ya kwanza ni ya mwamba wenye neema, ya pili huenda ni ya mwamba unaochoka. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), iliyoanzishwa mwaka 1980, haiwezi kumweka mtaalamu katika kila mwalo kila siku, hivyo daftari la mwaloni ni jicho lake. Kilwa inalijua jambo hili: Septemba 2003, karibu na Songo Mnara, wavuvi walimnasa silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka duniani zama za kale hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Alikuwa wa kwanza kuthibitishwa nchini mwetu, na habari yake ilianzia chomboni.

Mzani nao una neno lake. Ukichezewa ili usome pungufu, mvuvi hupunjwa na daftari huandika uongo uleule. Tazama alama ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo kabla ya kutazama bei.

Sokoni, omba pweza apimwe mmoja mmoja. Ukiuziwa pweza watatu kwa kilo moja, angalau mmoja wao hakufika nusu kilo, na huhitaji kuwa afisa uvuvi kulijua hilo. Muuzaji anaweza kudai kwamba amepungua baada ya kusafishwa. Ni kweli kwamba hupungua, basi muulize alipimwa wapi kabla ya hapo. Pweza mkavu au aliyechemshwa hawezi kuhukumiwa kwa mzani. Huyo muulizie mwalo alikotoka na siku aliyovuliwa, na asiyejua kabisa usinunue kwake.

Kwa samaki wa magamba, kagua dalili za baruti: nyama iliyolegea na kuachana na mifupa, uti wa mgongo uliovunjika, damu iliyovilia ndani ya tumbo ilhali nje hakuna jeraha. Ukiona hayo, mrudishe, kisha toa taarifa kwa afisa uvuvi aliye mwaloni au ofisi ya uvuvi ya wilaya, Kilwa Masoko, ukitaja soko, saa, na aina ya samaki.