Umetembea saa moja? Usijilipe kwa chapati

Wengi wanaotaka kupunguza uzani huniuliza: "Daktari, siku ya mazoezi naruhusiwa kula zaidi?" Ndiyo, lakini ni kidogo kuliko unavyodhani.

Tuchukue mfano wa mama wa miaka 38, mwenye uzani wa kilo 80 na kimo cha sentimita 160, ambaye hushinda ameketi ofisini. Mwili wake hutumia takriban kalori 1,850 kwa siku. Akila 1,450 anabaki na upungufu wa 400, na mwili hulazimika kutumia mafuta uliyoyaweka akiba.

Jioni moja anateremka kwenye matatu mapema na kutembea kilomita 5 hadi nyumbani, muda wa saa moja. Saa yake ya kisasa inamwambia ametumia kalori 280. Hapo ndipo hesabu huharibika. Kama 80 kati ya hizo angezitumia hata akiwa ameketi, na tayari zimo katika zile 1,850. Faida halisi ya matembezi ni 200.

Anafika akiwa na njaa, anajituza kwa chapati moja na soda ya mililita 300. Soda ina kalori kama 130, na chapati ya mafuta hukaribia 270. Jumla 400! Upungufu wake wa siku sasa ni 200, nusu ya ule ambao angekuwa nao kama angepanda matatu hadi mlangoni na kula kipimo chake tu.

Tena mwili ni mjanja. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, ambao huwinda na kuchimba mizizi. Kwa ukubwa ule ule wa mwili, kalori walizotumia kwa siku hazikuwazidi sana watu wa nchi za Magharibi wanaoketi ofisini. Yaonekana ukiusumbua mwili huku, hubana matumizi kule.

Je, uache mazoezi? La hasha! Hulinda misuli unapopungua, hushusha shinikizo la damu na husaidia kudhibiti sukari. Ila kwa matembezi ya saa moja, usibadilishe kipimo chako cha chakula, kunywa maji. Ukikimbia masafa marefu, ongeza nusu ya kalori ambazo mashine inakuonyesha, na ziwe za githeri au mayai, si soda. Mizani ikigoma majuma mawili ya kwanza usikate tamaa, kwani misuli inayoanza mazoezi huhifadhi maji. Pima kiuno kwa utepe.

Wanaodunga insulini au kumeza tembe za kisukari wasifuate hesabu hii kabla ya kumwona daktari. Wao wanaweza kuhitaji kula kabla ya kutembea, la sivyo sukari itashuka ghafla wakiwa njiani.