Mapangaboi Manne, Kidhibiti Kimoja

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, na upepo upandao kutoka bonde la Ruvuma huwapunguzia wakazi wake joto. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Huko, mwezi wa Novemba kabla ya mvua, duka lililoezekwa kwa mabati huwa kama tanuri, na mwenye duka kubwa hatosheki na pangaboi moja. Hapo huzuka swali ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Tatu anaweza kulijibu kwa kalamu na karatasi: je, mapangaboi manne yaweza kuongozwa na kidhibiti mwendo kimoja ili kuokoa gharama?

Mota ya pangaboi hutumia mkondo geu wa fezi moja, na mwendo wake hupungua volteji inayoifikia ikipunguzwa. Kidhibiti cha aina ya kale ni waya wa ukinzani ulioungwa kwa mfuatano na mota. Tuchukue pangaboi la wati 75 linalovuta ampea 0.35 kwa volti 230. Kwa kanuni ya Ohm, ni kana kwamba lina ukinzani wa ohm 660 hivi. Kidhibiti kikiwa na ohm 300, jumla ni ohm 960. Mkondo ni ampea 0.24, pangaboi hupata volti 158, na kidhibiti hutoa joto la wati 17.

Sasa mapangaboi manne yaungwe sambamba nyuma ya kidhibiti hicho hicho. Ukinzani wao kwa pamoja ni ohm 165 tu, na jumla ni ohm 465. Mkondo hupanda hadi karibu ampea 0.5. Kila pangaboi hupata volti 82, nalo pengine halitazunguka kabisa, ilhali kidhibiti kilichotengenezwa kwa wati 17 hutoa joto la wati 73 ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani, pengine nyuma ya majora ya kitenge. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa maana mota si kikinza halisi, lakini hatari inayoionyesha ni ya kweli.

Kidhibiti cha kapasita hakichemki hivyo, ila nacho hugawana volteji na mzigo. Mzigo ukibadilika, mgawanyo hubadilika. Kidhibiti cha kupunguzia mwanga wa taa hakifai kabisa: mota itanguruma na kupata moto. Kifaa kinachoweza kuongoza mapangaboi kadhaa ni transfoma yenye ngazi, kwa kuwa volteji yake huamuliwa na idadi ya mizunguko ya waya, wala si na wingi wa mzigo. Mapangaboi manne huvuta ampea 1.4, basi ichaguliwe ya ampea 2 au zaidi.

Hata hivyo, njia iliyo bora dukani ni kila pangaboi kuwa na kidhibiti chake, vyote vikipangwa karibu na kaunta. Muuzaji aliye peke yake hana haja ya kupepea duka zima. Waya wa moto hutoka kwenye fyuzi, hupita swichi, kisha kidhibiti, ndipo hufika kwenye pangaboi. Nyutro yaweza kuwa ya pamoja, mradi yote yawe chini ya fyuzi moja. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA.

Si kila pangaboi lizungukalo polepole lina kidhibiti kibovu. Kwa miaka mingi Masasi na Newala zimepata umeme wa gesi ya Mnazi Bay kutoka Mtwara, kwa njia ndefu za kilovolti 33, na katika njia ndefu volteji hushuka mzigo unapozidi. Ikishuka kutoka 230 hadi 200, nguvu ya kuzungusha, ambayo hufuata mraba wa volteji, hubaki kama asilimia 76. Fundi apime kwanza kabla ya kufungua kisanduku.

Darasani, mwalimu asitumie umeme wa ukutani. Betri mbili za tochi, balbu tatu ndogo na waya wa nikromu wa ohm 5 hivi zatosha. Balbu moja iungwe kwa mfuatano na waya huo, kisha ya pili na ya tatu ziongezwe sambamba na ile ya kwanza. Wanafunzi waangalie mwanga, waupime mkondo kila mara, kisha wakokotoe joto la waya wa nikromu.