Jipya kwa Namba, Kongwe kwa Umbo

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma yote. Wewe na mumeo mmejinyima hadi mkapata fedha za kununua pikapu ya biashara, tena mnataka mpya ya kutoka kwa wakala, siyo ya mtumba. Mmeikagua, mmeipenda, bei mmeelewana. Kisha wifi yako aliyeko Ujerumani akaona picha, akasema huko modeli hiyo iliacha kuuzwa zamani. Sasa unaniuliza, "Dada, ina maana tunauziwa mabaki ya wenzetu?"

Hapana, si mabaki. Gari hilo limeundwa juzi, kwa bati jipya na injini mpya. Kilicho cha zamani ni muundo wake. Hata hivyo swali lako ni la maana sana, na ninakusihi usitoe hata malipo ya awali kabla hujalipatia jibu.

Kwa nini muundo wa zamani unaendelea kuuzwa? Kwanza, anzia kiwandani. Modeli mpya hula fedha nyingi mno kabla gari la kwanza halijatoka: usanifu, majaribio, na kalibu za kukandamizia bati la bodi. Ni sawasawa na fundi aliyenunua kalibu ya matofali: gharama yake ikisharudi, kila tofali linalofuata lina faida nono. Kampuni haikubali kuzitupa kalibu hizo wakati kuna nchi ambako wanunuzi bado wapo. Volkswagen Beetle iliacha kuundwa Ujerumani mwaka 1978, lakini kiwanda cha Puebla, Mexico, kiliendelea kuiunda hadi Julai 2003.

Pili, tazama sheria za nchi. Kombi ya Volkswagen ilidumu Brazil hadi mwisho wa 2013, na wateja walikuwa bado wanaitaka. Kilichoiondoa ni sheria iliyotaka magari yote mapya kuanzia 2014 yawe na eabegi na breki za ABS. Muundo wa zamani kama ule usingeweza kubeba vitu hivyo bila kusukwa upya. Mahali ambapo sheria haidai, modeli kongwe hukaa. Mahali inapodai, huondoka, hata kama inapendwa vipi.

Sababu ya tatu ni mazingira, na hii ina heshima yake. Chukua Land Cruiser 70, ile tunayoiita mkonga. Ilitoka mwaka 1984 na hadi leo inauzwa mpya Afrika, Australia na nchi za Ghuba, wakati Marekani huikuti kwa wakala wa Toyota. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, ya lita 4.2, ilianza 1990. Haina mambo mengi ya kompyuta, kwa hiyo ikigoma porini fundi mwenye spana zake anaweza kuifungua na kuielewa. Spea zake zipo hadi miji midogo. Ndiyo maana utaiona ikiwa gari la wagonjwa, gari la polisi na gari la watalii, na gereji za Arusha zinajua kuirefusha chesisi ili ichukue wageni wengi zaidi. Hapo modeli imebaki kwa sababu inamfaa mtumiaji.

Lakini zipo zilizobaki kwa sababu tu hakuna aliyezizuia. Nissan Tsuru ya Mexico ilikuwa na umbo la miaka ya mwanzo ya 1990, na iliundwa hadi 2017. Mwaka 2016 wapimaji wa usalama waliigonganisha uso kwa uso na Nissan Versa iliyokuwa ikiuzwa Marekani. Yote mawili yalikuwa magari mapya ya bei nafuu, ya kampuni moja. Sehemu ya dereva wa Tsuru ilibomoka vibaya. Ya Versa ilisimama. Nchi hizo zinapakana, mdogo wangu. Uhai wa dereva upande mmoja wa mpaka ulipewa ulinzi mdogo kuliko wa jirani yake.

Na kwetu Afrika? Mwaka 2018 shirika la Global NCAP lilipima Nissan NP300 Hardbody iliyokuwa ikiuzwa Afrika Kusini. Ilipata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima, ingawa ilikuwa na eabegi mbili. Eabegi haiwezi kukuokoa ikiwa kibanda chenyewe kinakunjika. Mwaka 2020 wakaigonganisha Hardbody mpya na Nissan Navara ya mtumba ya 2015 iliyotoka Ulaya. Walieleza kuwa dereva wa ile mpya huenda angepoteza maisha, na wa mtumba angetoka kwa miguu yake. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye gari, kinyemi hicho kinaweza kumgharimu mumeo maisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Muulize wakala waziwazi: modeli hii imeacha kuuzwa wapi, na kwa nini? Akisema sheria za usalama, simama hapo. Kisha tafuta matokeo ya majaribio ya kugonganishwa, na hakikisha ni ya toleo linalouzwa huku, kwa maana jina linaweza kuwa moja na bodi ikawa nyingine. Dai eabegi na ABS ziandikwe kwenye ankara, usitosheke na maneno ya muuzaji. Nenda pia kwa fundi unayemwamini, umuulize spea zinapatikana wapi na kwa bei gani. Mwisho linganisha na mtumba wa karibuni wa modeli mpya zaidi, ukikumbuka kuhesabu kodi na umri wa gari: Kenya haipokei mtumba uliozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru wa uchakavu kwa magari ya zamani.

Ikiwa modeli hiyo imebaki kwa sababu inahimili barabara zenu na inawalinda mliomo ndani, inunueni kwa moyo mweupe. Ikiwa imebaki kwa sababu maisha yenu yamekadiriwa bei ya chini, ondokeni na fedha zenu. Na mkiondoka mwambieni wakala sababu, kwa sauti na bila haya, maana kampuni husikia haraka mteja anapofunga pochi.