SOMO: Mashine ya Kufulia Ikisimama



Binti wa mwanachama wetu mmoja wa shamba la chai anafanya kazi ya nyumbani mjini Kampala. Siku moja mashine ya kufulia ilisimama, nguo zimo ndani ya maji. Mwenye nyumba akasema mota imeungua, na gharama itakatwa katika mshahara wa binti. Hakuna fundi aliyekuwa ameitazama. Kiwandani tunalijua jambo hili: mtambo ukisimama, wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa mbele yake. Jumapili nilifuatana na baba yake, na mwenye nyumba akatuachia tuitazame.

Mashine hii hufuata mpango: hujaza maji, hufua, hutoa maji, husuuza, kisha huzungusha ngoma kwa kasi kukamua. Kwa hiyo uliza kwanza: iliposimama ilikuwa imefika wapi?

Isipowaka kabisa, jaribu taa ya mezani katika soketi ile ile. Taa ikikataa, kosa ni la soketi au umeme wenyewe. Na mlango usipofungwa barabara, mashine haianzi.

Isipojaza maji, tazama bomba, tena mpira usiwe umekunjika. Nyuma, mahali mpira unapoingilia, pana kichujio kidogo ambacho mchanga na kutu hukiziba. Tangi likiwa chini mno, maji hukosa nguvu. Mpira wa kutolea maji nao usilazwe sakafuni, maana maji yatatoka huku yanaingia. Ncha yake iinuliwe angalau sentimeta 60.

Ya binti ilikuwa imejaa maji na haikamui. Hapo ndipo wengi hulaumu mota. Lakini mota ile ile ilikuwa imefua vizuri muda mfupi kabla, na mashine haikamui maadamu maji hayajatoka. Tukaelekea kwenye pampu. Mashine nyingi za mlango wa mbele zina kifuniko kidogo chini kwa mbele, na ndani yake mna kichujio cha pampu. Chomoa plagi, ngoja maji yapoe, weka beseni na matambara, kisha fungua pole pole, kwani maji ni mengi kuliko unavyodhani. Tulitoa nyuzi, kibanio cha nywele na sarafu ya shilingi 200.

Jambo moja si la kujaribu. Ukigusa bati la mashine ukahisi umeme unakutekenya, usiiguse tena. Zima swichi kuu, na mtu yeyote asifue mpaka fundi wa umeme akague waya wa ardhi. Mikono yenye maji na umeme wa volti 240 vimeua watu. Wala usifungue bati la nyuma: baadhi ya mashine huhifadhi umeme ndani hata plagi ikiwa imechomolewa.

Mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi, na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unamhesabu hivyo. Akiambiwa atalipa, aombe fundi aandike kosa lilikuwa nini, karatasi hiyo aitunze.

Tulirudisha kifuniko, tukawasha. Maji yakatoka, ngoma ikakamua. Binti alipata mshahara wake mzima mwisho wa mwezi. Sarafu ilikuwa imetoka katika suruali ya mwenye nyumba, naye akarudishiwa.