Kutia Mafuta ya Gia Pasipo Kumwaga

Motokaa haiendi kwa nguvu za injini peke yake. Katika magari mengi ya mizigo, nguvu hizo hupita kwanza katika sanduku la chuma liitwalo giaboksi, kisha hufuata mhimili mrefu chini ya gari mpaka kwenye difu, iliyo katikati ya ekseli ya nyuma. Difu ndiyo iyazungushayo magurudumu. Ndani ya giaboksi na difu mna magurudumu madogo ya chuma yenye meno, nayo meno hayo huumana na kusukumana daima. Yakikosa mafuta, chuma husugua chuma, joto huzidi, na meno huliwa hata yakavunjika.

Mafuta ya gia ni mazito, tena yana harufu kali. Harufu hiyo hutokana na dawa yenye salfa, ambayo huyakinga meno yanapokandamizana kwa nguvu nyingi. Mwaka 1926 kiwanda cha Packard cha Marekani kilitoa motokaa zenye difu ya namna mpya, ambayo meno yake huteleza sana yanapoumana. Mafuta ya desturi hayakutosha kuyalinda. Difu nyingi za siku hizi zimeundwa kwa namna hiyo. Kwa hiyo fundi husoma alama za kopo kabla ya kulifungua. Alama kama 80W-90 huonyesha uzito wa mafuta, na GL-4 au GL-5 huonyesha nguvu ya dawa. GL-5 hufaa difu nyingi, lakini katika giaboksi nyingine yaweza kuharibu pete za shaba. Kitabu cha gari ndicho kisemacho yapi yatumike.

Tundu la kutilia mafuta kwa kawaida liko ubavuni mwa difu au giaboksi, wala haliko juu. Sababu yake ni kwamba tundu lenyewe ndilo kipimo: mafuta yakifika kwenye ukingo wake wa chini, yametosha. Lakini nafasi ya hapo ni ndogo. Anayejaribu kuinamisha kopo hana budi kumwaga mafuta mikononi, nguoni na chini, wala hawezi kujua ni kiasi gani kimeingia ndani.

Kabla ya kazi, gari huendeshwa mwendo mfupi ili mafuta ya zamani yapate moto kidogo na kutoka upesi. Kisha huwekwa mahali tambarare, kwa maana likiinama kipimo huwa cha uongo. Magurudumu huzuiwa kwa magogo. Ikiwa lazima kuliinua, huinuliwa sawasawa na kuegemezwa juu ya viguzo imara vya chuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, kwa kuwa jeki ikiteleza hapana nafasi ya kukimbia.

Sasa inakuja kanuni iliyo kubwa kuliko zote: fungua kizibo cha juu kwanza, ndipo ufungue cha chini. Mwanagenzi mwenye pupa hufungua cha chini, akayaacha mafuta yote yatoke, kisha akakuta kizibo cha juu kimeshika kutu na hakifunguki. Hapo gari haliwezi kwenda, maana ndani ni kukavu, wala haliwezi kutiwa mafuta. Fundi mwenye busara husafisha kwanza mahali pale kwa brashi, mchanga usije ukaingia ndani. Tena hutumia spana inayoenea barabara, kwa kuwa spana iliyolegea hula pembe za kizibo.

Mafuta ya zamani hupokewa katika karai pana. Vizibo vingi vya chini vina sumaku, nayo hukamata chembe za chuma. Unga laini wa chuma ni jambo la kawaida. Lakini kikionekana kipande cha jino, difu haina budi kufunguliwa na kutazamwa. Kisha kizibo husafishwa na kukazwa tena.

Kwa kutia mafuta mapya ziko njia tatu zilizo rahisi. Ya kwanza ni bomba la sindano kubwa, ambalo huvuta mafuta katika kopo na kuyasukuma katika tundu. Ni la bei nafuu, lakini huchukua mafuta kidogo, hivyo hujazwa mara nyingi. Ya pili ni bomba la mkono linalofungwa juu ya kopo, lenye mrija unaofika ndani ya tundu. Kila likisukumwa, mafuta huingia bila kudondoka. Ya tatu ni faneli na mpira mrefu: faneli hushikwa juu, na mpira huteremka mpaka kwenye tundu. Njia hii yataka watu wawili, mmoja wa kumimina na mmoja wa kutazama chini. Yule wa juu aache mapema, kwa sababu mafuta yaliyobaki ndani ya mpira bado yatateremka. Kwa njia yoyote, mafuta yakiwa mazito sana, kopo huwekwa kwanza katika beseni la maji ya moto, nayo hulainika.

Tundu linapoanza kutiririsha mafuta, kazi husimama. Mafuta yaliyozidi huachwa yadondoke katika karai mpaka yakome, ndipo kizibo hufungwa. Katika magari machache kipimo ni chini kidogo ya tundu, na kitabu chake husema hivyo.

Wako wadhanio kwamba kuzidisha ni wema. Sivyo. Mafuta yakizidi hufanya povu na joto, kisha hutafuta njia ya kutoka. Katika ekseli ya nyuma yaweza kupenya mipira iyazuiayo mafuta na kufika kwenye breki. Breki yenye mafuta haishiki. Lori lenye abiria na mizigo likiteremka mlima katika hali hiyo, kosa la kikombe kimoja cha mafuta laweza kugharimu maisha ya watu. Tena liko tundu dogo la kupumulia juu ya ekseli. Likizibwa na matope, hewa iliyopata moto husukuma mafuta nje vilevile.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mafuta ya gia hayaunguzwi kama petroli. Yakipungua, yamevuja mahali. Kuongeza tu bila kutafuta mahali hapo ni kazi bure, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwisho ni usafi. Mafuta yaliyomwagika hufunikwa kwa unga wa mbao au mchanga, kisha huzolewa. Mafuta ya zamani hutiwa katika chombo chenye kifuniko na kupelekwa kwa wayakusanyao. Hayamwagwi chini wala mferejini, kwa maana huenda na mvua mpaka kisimani na mtoni, na hapo huwadhuru watu wasiomiliki hata baiskeli. Mikono huoshwa kwa sabuni, si kwa petroli.

Abiria hawaioni kazi hii. Huona tu kwamba gari limefika salama.

Maswali

1. Kwa nini tundu la kutilia mafuta liko ubavuni?
2. Kizibo kipi hufunguliwa kwanza, na kwa sababu gani?
3. Taja njia tatu za kutia mafuta, na ueleze ipi yataka watu wawili.
4. Mafuta yakizidi katika ekseli ya nyuma, hatari gani yaweza kutokea?
5. Mafuta ya zamani yafanyweje, na kwa nini?